Nani Ametia Mkono Katika Bei ya Unga?

Somo la kusomwa na kujadiliwa katika vikundi na jumuiya ndogo ndogo



Katika vikundi vyetu vya Kawangware, Kangemi, Riruta na Uthiru kuna neno moja linalorudi kila tukikutana, hata siku ambayo tumekutana kwa jambo lingine. Tunaanza kuzungumza habari ya maji, au karo, au afya ya watoto, na kabla ya nusu saa kuisha mtu anauliza: "Lakini hiyo pesa itatoka wapi? Unga haushikiki." Halafu kikundi kinagawanyika mara mbili. Wengine wanasema ni makosa ya serikali, yote, kutoka mwanzo hadi mwisho. Wengine wanasema tuache kulaumu, kila mtu abebe mzigo wake, kwani serikali haiwezi kuja kukupikia ugali nyumbani kwako.

Sisi tumeona kwamba pande zote mbili zinatuacha pale pale. Anayesema "ni serikali tu" hajui aanzie wapi, kwa sababu serikali ni kubwa na ina milango mingi. Anayesema "kila mtu abebe mzigo wake" mara nyingi anaishia kumlaumu aliye karibu: mke ambaye ati hajui kutumia pesa, bwana ambaye ati analeta kidogo, mama mboga ambaye ati anatajirika. Hapo ndipo shida ya bei inageuka kuwa shida ya ndoa. Wangapi wamegombana jioni kwa sababu ya shilingi mia mbili ambazo juzi zilitosha na leo hazitoshi? Watu wawili wanagombania bei ambayo hakuna hata mmoja wao aliyeipanga.

Kwa hiyo shabaha ya somo hili ni moja. Tunataka kuichukua bei, tuifungue kama mtu anavyofungua mzigo, tuone ni mikono ya nani imo ndani. Tukijua mkono wa serikali uko wapi hasa, tutajua pia ni mlango gani wa kubisha, na siku gani.

1. TUANGALIE HALI ILIVYO

Ukivuka kutoka Lavington kuingia Kawangware, bei zinabadilika, lakini si kwa njia ambayo watu wengi wanafikiri. Mwenye mshahara mzuri ananunua mafuta ya kupikia lita tatu kwa mara moja. Askari anayelinda lango lake, au dada anayemfulia nguo, akirudi nyumbani jioni ananunua mafuta ya shilingi 20, yamepimwa kwa kikombe kidogo na kutiwa katika mfuko. Hesabu ni rahisi. Pimeni nyinyi wenyewe katika kikundi: vikombe vingapi vya shilingi 20 vinajaza lita moja? Kisha linganisheni na bei ya lita moja dukani. Karibu kila mara mtaona kwamba maskini ndiye anayelipa zaidi kwa lita ile ile. Hii ndiyo biashara ya kadogo. Inatusaidia kula leo, lakini inatutoza faini kwa sababu hatuna pesa za kesho.

Maji ni vivyo hivyo. Mitungi 50 ya lita 20 ndiyo lita 1,000, kipimo ambacho bili ya maji huita yuniti moja. Ukinunua mtungi kwa shilingi 5, yuniti hiyo imekugharimu shilingi 250. Ukinunua kwa shilingi 10, ni shilingi 500. Na mabomba yakikauka, mtungi ukafika shilingi 20, umelipa shilingi 1,000. Sasa mwombe mtu mwenye mfereji nyumbani akuonyeshe bili yake, uone yuniti moja anatozwa ngapi.

Mshahara nao uko wapi? Kiwango cha chini cha mshahara kwa kibarua wa kawaida jijini Nairobi, pamoja na mfanyakazi wa nyumbani na mlinzi wa mchana, kilikuwa shilingi 15,201.65 kwa mwezi kuanzia mwaka 2022. Mnamo Novemba 2024 kiliongezwa kwa asilimia 6 hadi shilingi 16,113.75. Toa kodi ya nyumba, toa nauli ya namba 46 kwenda na kurudi mjini siku 26, halafu uone kinachobaki. Ndiyo maana asubuhi na mapema barabara za kutoka Kangemi kwenda Westlands zimejaa watu wanaotembea kwa miguu. Hawafanyi mazoezi. Wanaokoa nauli ili jioni wanunue unga.

2. MIKONO MINNE KATIKA BEI

Mkono wa kwanza ni wa mvua na wa dunia. Kati ya mwaka 2020 na 2022 mvua zilikosekana misimu mitano mfululizo katika sehemu kubwa ya kaskazini na mashariki ya Kenya. Mnamo Februari 2022 vita vilianza Ukraine, na bei ya ngano, mbolea na mafuta ikapanda duniani kote. Hakuna serikali ya Nairobi iliyoleta ukame huo wala vita hivyo. Mtu mwaminifu lazima akubali hayo.

Mkono wa pili ni wa soko. Mahindi yanatoka kwa mkulima wa Trans Nzoia au Uasin Gishu, au yanavuka mpaka kutoka Uganda na Tanzania. Yanapita kwa dalali, kwa mwenye lori, kwa msagaji, kwa duka la jumla, ndipo yafike kibandani. Kila mmoja anaongeza chake. Wengine wanaongeza kwa haki kwa sababu wamefanya kazi. Wengine wanaficha mahindi ghalani wakingojea bei ipande. Lakini tusimtupie lawama mama mboga. Yeye ndiye wa mwisho katika mstari, na amenunua mboga yake Wakulima, pale tunapoita Marikiti, saa kumi na moja alfajiri kwa bei ambayo hakuipanga.

Mkono wa tatu ni wa serikali. Huu tutaueleza kwa urefu.

Mkono wa nne ni wetu wenyewe: namna tunavyonunua, tunavyoweka akiba, tunavyokopa, na tunavyozungumza au kukosa kuzungumza nyumbani. Mkono huu upo, lakini ndio mdogo kuliko yote. Mtu hawezi kuweka akiba ya pesa ambazo hazikuingia.

3. MKONO WA SERIKALI UNAVYOFANYA KAZI

Kwanza ni ushuru. Tuchukue mfano wa mafuta ya taa, kwa sababu ndiyo yanayotumiwa na wale wasio na uwezo wa kujaza mtungi wa gesi. Kila tarehe 14 ya mwezi, Mamlaka ya Kudhibiti Kawi na Petroli, EPRA, hutangaza bei ya juu kabisa ya petroli, dizeli na mafuta ya taa, itakayotumika kutoka tarehe 15 hadi tarehe 14 ya mwezi unaofuata. Mpango huu ulianza Desemba 2010. Bei hiyo ina sehemu tatu: gharama ya mafuta yenyewe hadi yafike Mombasa, gharama na faida ya wanaoyasafirisha na kuyauza, na ushuru na tozo za serikali.

Mnamo Septemba 2018 serikali iliweka tozo mpya ya shilingi 18 kwa kila lita ya mafuta ya taa. Sababu iliyotolewa ni kwamba wafanyabiashara fulani walikuwa wakichanganya mafuta ya taa na dizeli ili wapate faida, kwa hiyo mafuta ya taa yafanywe ghali. Angalieni jambo hili vizuri. Aliyechanganya ni mwenye tangi na lori. Aliyelipa ni mwenye koroboi na stovu. Mwezi huo huo ushuru wa VAT wa asilimia 16 ulianza kutozwa mafuta. Wananchi wakapiga kelele, na Bunge likaupunguza hadi asilimia 8. Lakini Sheria ya Fedha ya mwaka 2023 ikaurudisha kwenye asilimia 16.

Matokeo yake? Serikali ilipopunguza ruzuku ya mafuta mnamo Septemba 2022, lita ya mafuta ya taa jijini Nairobi ilifika shilingi 147.94. Septemba 2023 ilikuwa shilingi 202.61. Si ushuru peke yake uliofanya hivyo. Bei ya dunia ilikuwa juu, na shilingi yetu ilikuwa ikianguka. Lakini ushuru ulikuwa ndani. Mtu aliyezoea kununua mafuta ya shilingi 50 hakuambiwa kwamba bei imepanda. Kwa bei ya pampu, mwaka 2022 shilingi 50 zilimpa theluthi ya lita. Mwaka 2023 zilimpa robo lita. Pesa ni ile ile, chupa ni ile ile, ila stovu inazima maharagwe yakiwa bado hayajaiva.

Tusisahau pia kwamba mkono huo huo unaweza kupunguza. Julai 2021 gesi ya kupikia iliwekewa VAT ya asilimia 16. Mwaka 2022 ikashushwa hadi asilimia 8, na Julai 2023 ikaondolewa kabisa. Kwa hiyo mtu akituambia kwamba serikali haina la kufanya kuhusu bei, tumwonyeshe gesi.

Wengine watasema: lakini unga hautozwi VAT. Ni kweli. Hata hivyo lori linaloleta mahindi kutoka Kitale linakunywa dizeli, na dizeli inatozwa VAT na tozo nyingine, ikiwemo ya kutengeneza barabara ambayo Julai 2024 ilipandishwa kutoka shilingi 18 hadi shilingi 25 kwa lita. Ushuru wa dizeli unafika mezani ukiwa umevaa nguo za unga.

Pili ni deni. Mwaka 2023 deni la taifa lilipita shilingi trilioni 10. Deni si dhambi. Hata sisi katika chama tunakopa. Swali ni moja: pesa zilifanya nini? Kila shilingi ya ushuru inayokwenda kulipa riba ni shilingi ambayo haikununua dawa katika zahanati ya Riruta wala haikulaza bomba la maji Gatina. Na sehemu kubwa ya deni hilo inalipwa kwa dola. Mwanzoni mwa 2024 dola moja ilifika karibu shilingi 160. Kufikia katikati ya mwaka huo ilikuwa imerudi karibu 130. Nchi inayonunua mafuta na ngano kwa dola inaumia kila shilingi inapoanguka.

Wazee wetu wanakumbuka mwaka 1993. Uchaguzi wa 1992 ulikuwa umepita, pesa nyingi zilikuwa zimemwagwa, na sakata la Goldenberg lilikuwa limenyonya hazina. Mwaka huo bei zilipanda kwa karibu asilimia 46. Na mwaka ule ule biashara ya mahindi, ambayo serikali ilikuwa imeishika kwa miaka mingi, ikafunguliwa, kama wakopeshaji wa nje walivyotaka. Mwananchi aliamka akakuta bei ya unga haina mwenyewe. Aliyeiba hakuwa jirani yake, lakini aliyelala njaa alikuwa yeye.

Tatu ni ghala. Bodi ya Nafaka na Mazao, NCPB, ina kazi ya kununua na kuweka mahindi ya akiba. Msomaji wa Biblia atamkumbuka Yusufu kule Misri, aliyeweka nafaka wakati wa shibe kwa ajili ya miaka ya njaa. Wazo ni lile lile. Lakini ghala linahitaji mtu mwaminifu mlangoni. Januari 2009 serikali ilitangaza kwamba njaa ni janga la kitaifa, na wakati huo huo nchi ikawa inazungumzia mahindi ya serikali yaliyoangukia mikononi mwa madalali badala ya kufika kwa wenye njaa. Mwaka 2024 wakulima wengine waliuziwa mbolea ya ruzuku ambayo iligunduliwa kuwa haina ubora. Mbolea mbaya mwezi wa nne ni unga ghali mwaka unaofuata.

Nne ni huduma. Pale serikali inapokosa kuleta kitu, sisi tunakinunua. Maji yasipokuja kwa mfereji, tunanunua kwa mtungi. Dawa zikikosekana katika zahanati ya umma, tunakwenda duka la dawa. Gharama hizi hazitajwi Wizara ya Fedha inaposoma bajeti, lakini zimo katika bajeti ya kila mama hapa.

4. RUZUKU YA UCHAGUZI

Kuna jambo moja tunalotaka kila kikundi kiliangalie kwa makini. Mei 2017, kabla ya uchaguzi wa Agosti, serikali ilitoa ruzuku na pakiti ya unga ya kilo mbili ikauzwa kwa shilingi 90. Julai 2022, tena kabla ya uchaguzi wa Agosti, serikali ilitangaza unga wa shilingi 100, wakati ambapo pakiti ilikuwa imepita shilingi 200. Mara zote mbili watu walipanga foleni, na katika maduka mengi unga huo uliisha au haukuonekana. Mara zote mbili mpango haukudumu.

Hatusemi ruzuku ni mbaya. Njaa ikiwa kali, serikali inapaswa kusaidia. Lakini msaada unaokuja majuma machache kabla ya kura na kuondoka baada ya kura unatufundisha vibaya. Unatufanya tuombe kama wageni kile ambacho ni haki yetu kama wenye nyumba.

5. KATIBA INASEMA NINI

Katiba ya mwaka 2010, ambayo sisi wenyewe tuliipitisha kwa kura, ina Kifungu cha 43. Kinampa kila mtu haki ya afya, makao yanayofaa, kutokuwa na njaa na kupata chakula cha kutosha, maji safi, hifadhi ya jamii na elimu. Wengine watasema hayo ni maneno mazuri tu kwa karatasi, pesa hakuna. Basi wasome Kifungu cha 20. Kinasema kwamba serikali ikidai haina uwezo wa kutimiza haki hizo, ni juu ya serikali kuthibitisha kwamba uwezo huo haupo. Si kazi ya mwenye njaa kuthibitisha kwamba pesa zipo. Na Kifungu cha 201 kinataka mzigo wa ushuru ugawanywe kwa haki, na wananchi washirikishwe katika mambo ya fedha za umma.

Kwa hiyo wajibu wa serikali si kuhakikisha kila kitu ni rahisi. Wajibu wake ni kutotia mzigo pale ambapo mgongo umeshainama, kutunza ghala, kukopa kwa busara, kuleta huduma, na kutoa hesabu.

Neno moja kuhusu habari tunazosikia kwa redio. Mara nyingine tunaambiwa mfumuko wa bei umeshuka. Oktoba 2022 ulikuwa asilimia 9.6, na Oktoba 2024 ulikuwa asilimia 2.7. Mama mmoja katika kikundi aliuliza, "Mbona basi mimi sioni bei ikishuka?" Ameuliza vizuri. Mfumuko ukishuka, maana yake bei zinapanda polepole kuliko zamani. Hazijarudi chini. Ni kama matatu iliyopunguza mwendo: bado inakwenda mbele. Bei ikishapanda, ni mapato tu yanayoweza kuifuata, na mapato yetu yanatembea kwa miguu.

6. BARABARANI NA NJIA NYINGINE

Wakazi wa Nairobi wamelia kuhusu unga kwa muda mrefu. Mwaka 2008, na tena 2011, wananchi waliokuwa wakikutana katika bustani ya Jeevanjee mjini, waliojiita Bunge la Mwananchi, waliandamana kwa ajili ya bei ya chakula. Mwaka 2011 bei zilipanda sana: kufikia Novemba mfumuko ulikuwa karibu asilimia 20. Septemba ya mwaka huo Rais Mwai Kibaki alitia sahihi sheria iliyompa Waziri wa Fedha uwezo wa kutangaza bidhaa fulani kuwa za lazima na kuziwekea bei ya juu kabisa. Sheria ikapatikana, lakini unga haukushuka kwa sababu yake. Tunajifunza kwamba sheria bila mtu wa kuifuatilia ni kama jiko bila makaa.

Mwaka 2024 Mswada wa Fedha ulipendekeza VAT ya asilimia 16 kwa mkate, na ushuru wa asilimia 25 kwa mafuta ya kupikia. Watu walisoma mswada huo kwa simu zao, wakautafsiri, wakaujadili kila mahali. Juni 18 ushuru wa mkate uliondolewa. Juni 25 vijana walijaa katikati ya jiji na wengine wakaingia Bungeni. Siku iliyofuata Rais William Ruto alisema hatautia sahihi. Lakini kufikia Julai 1, Tume ya Kitaifa ya Haki za Binadamu ilikuwa imehesabu watu 39 waliofariki katika maandamano hayo. Hakuna bei ya mkate inayolingana na mtoto wa mtu.

Na sisi wa upande huu wa magharibi hatujasahau Julai 12, 2023. Siku ya maandamano ya gharama ya maisha, vitoa machozi viliangukia katika Shule ya Msingi ya Kihumbuini, Kangemi, na zaidi ya watoto 50 wakapelekwa hospitali. Watoto hao walikuwa darasani.

Kifungu cha 37 cha Katiba kinampa kila mtu haki ya kukusanyika na kuandamana kwa amani, bila silaha. Hatumwambii mtu aende au asiende. Tunachosema ni kwamba barabara ni mlango wa mwisho, nayo ina gharama kubwa. Kuna milango mingine kabla yake ambayo wengi wetu hatujawahi kuibisha hata mara moja.

7. MILANGO NA SIKU ZAKE

Tieni alama hizi katika kalenda ya kikundi.

Aprili 30. Hii ndiyo siku ya mwisho ya makadirio ya bajeti kufikishwa Bungeni, na ya kaunti kufikishwa katika bunge la kaunti pale City Hall. Mswada wa Fedha nao unafika wakati huo. Mwezi wa Mei kamati ya Bunge hutangaza magazetini siku za kupokea maoni. Mwaka mpya wa fedha unaanza Julai 1. Ukilia mwezi wa Julai, umechelewa.

Mei 1. Sikukuu ya Wafanyakazi. Hapo ndipo nyongeza ya kiwango cha chini cha mshahara hutangazwa mara nyingi. Mwenye kumwajiri mfanyakazi wa nyumbani pia asikilize, kwa maana kiwango kinamhusu.

Tarehe 14 ya kila mwezi. EPRA inatangaza bei ya mafuta. Andikeni bei, mwezi baada ya mwezi.

Mbunge wako. Sisi wa upande huu tuko katika maeneo matatu: Dagoretti Kaskazini, Dagoretti Kusini na Westlands. Mtu wa Gatina asimwandikie mbunge wa Kangemi. Ushuru wa VAT na wa mafuta ni kazi ya serikali ya kitaifa, basi mwulizeni mbunge. Ada za soko na leseni za biashara ni za kaunti, basi mwulizeni diwani wa wadi, yaani MCA.

Barua. Kifungu cha 119 kinampa kila mtu haki ya kupeleka ombi Bungeni. Iandikwe kwa Karani wa Bunge la Kitaifa. Iandikeni kwa Kiswahili mkipenda, maana Kiswahili ni lugha rasmi ya nchi hii. Si lazima iwe ndefu. Semeni nyinyi ni nani na mnaishi wapi. Semeni ni jambo gani katika mswada. Onyesheni kwa hesabu linavyoumiza nyumba zenu. Malizeni kwa kusema mnaomba nini. Wekeni nakala, na mtu mmoja apewe kazi ya kufuatilia jibu.

8. MKONO WETU

Tukingoja jibu, mkono wetu usilale. Baada ya mavuno, kati ya Novemba na Januari, mahindi huwa na bei nafuu kuliko mwezi wa Juni. Nyumba tisa zikichanga, gunia la kilo 90 linampa kila mmoja kilo 10, yaani gorogoro tano, na mashine ya kusaga iko karibu. Lakini angalieni mahindi yawe makavu kabisa, yasiwe na ukungu. Sumukuvu haionekani kwa macho wakati wote na haiondoki kwa kupika. Mwaka 2019 hata unga wa pakiti wa kampuni tano ulipigwa marufuku kwa ajili ya sumu hiyo.

Nyumbani, bwana na bibi wakae pamoja na daftari moja. Jioni moja kwa juma inatosha. Mkiona kwenye karatasi kwamba unga umekula kilichokuwa cha karo, hamtatafutana makosa. Na mama asiwe ndiye anayepunguza chakula chake kila mara bila mtu kujua.

KAZI YA MWEZI HUU

Kila nyumba iandike kwa siku 30 bei ya vitu vitano: unga, mafuta ya kupikia, mafuta ya taa au gesi au makaa, maji, na nauli. Andikeni kiasi mlichopata pamoja na pesa mlizotoa, kwa sababu mara nyingi pesa haibadiliki, kipimo ndicho kinachopungua. Mwisho wa mwezi leteni madaftari yote kikundini, mjumlishe. Daftari 20 za Kawangware ni ushahidi ambao mbunge hawezi kusema ni uvumi. Hizo ndizo mtakazoambatanisha na barua.

MASWALI YA KUJADILIANA

1. Katika nyumba yako, mara ya mwisho mlipogombania pesa, bei ya kitu gani ilikuwa imepanda? Je, mmoja wenu ndiye aliyeipandisha?

2. Chukueni pakiti moja ya unga, muiweke katikati. Ni mikono ipi kati ya ile minne mnaiona ndani yake?

3. Someni pamoja 1 Wafalme 12, mstari wa 1 hadi wa 16. Watu walimwomba Mfalme Rehoboamu nini? Alisikiliza ushauri wa nani, na ufalme wake ukawaje?

4. Je, ruzuku kabla ya uchaguzi ni msaada au ni chambo? Tungetaka serikali ifanye nini katika miaka isiyo ya uchaguzi?

5. Ni nani katika kikundi chetu amewahi kumwandikia mbunge au MCA? Alijibiwa? Kama hakuna, ni nini kimetuzuia?

6. Ni nani atakayeshika kalenda, na ni nani atakayepeleka barua mjini?

Kiongozi aandike majibu ya swali la sita, pamoja na majina, kabla watu hawajaondoka.